Mzee wa Rula na Dirisha Langu

Neno la kwanza alilonitamkia jirani wa juu halikuwa salamu. Ilikuwa Novemba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimesimama mlangoni pa jengo letu la Wembley na mwanangu Salma wa miaka minne. Mvua ilikuwa ile ya London, isiyonyesha wala isiyokoma, na jua tulikuwa hatujaliona tangu Septemba. Akashuka ngazi mzee mrefu, mkavu, amevaa kofia ya mvuvi yenye ukingo mpana, kamba yake imefungwa kidevuni. Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Kofia yake iko wapi?"

"Kofia ya nini, mzee? Jua lenyewe liko wapi?"

"Jua lipo, limejificha tu. Kule Australia mtoto asiye na kofia hachezi. Anakalishwa kivulini, wenziwe wanacheza, mpaka mama yake apate akili."

Akaenda zake, nikabaki na shikamoo yangu mdomoni. Wiki ile ile akaning'iniza mlangoni kwangu mfuko wenye kofia ndogo ya kitambaa na chupa ya mafuta ya kuzuia jua. Salma alivaa ile kofia mpaka ikambana, na mafuta yale tuliyatumia kulainisha bawaba za mlango.

Alikuwa Mzanzibari kama sisi, lakini Zanzibar aliitaja mara moja kwa mwaka, siku ya Idi. Nchi yake ilikuwa Australia. Alikaa huko miaka kumi na minne, pwani ya magharibi, akifanya kazi kwenye boti za kamba koche, na hakuna jambo la London ambalo Australia hawakuwa wamekwisha kulitengeneza. Basi likichelewa, kule lilikuwa haliendi kabisa, lakini lilikuwa haliendi kwa utaratibu. Ukipiga chafya, alikuwa na sheria yake. Watu walijiuliza kwa nini mtu aiache nchi nzuri namna hiyo, na kila nyumba ilikuwa na jibu lake, mengi yakihusu mwanamke. Mimi nilimuuliza mwenyewe mara tatu. Mara mbili za kwanza alijitia hasikii. Ya tatu akaniambia, "Kule kila mtu anaijua sheria, jirani. Mie nimwambie nani?"

Kwetu alipata wa kuwaambia. Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na rula ya plastiki, ya shule, sentimita thelathini, na hakuna mwuza samaki wa Wembley asiyeijua. Alikuwa akimlaza changu juu ya kaunta, anampima kuanzia mdomo hadi mkia, anatikisa kichwa.

"Huyu mtoto. Mrudishe."

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mtu wa subira, Kiswahili chake kitamu.

"Nimrudishe wapi, mzee wangu? Huyu samaki amekufa tangu mwaka jana. Nimrudishe ndani ya friza?"

"Sheria ni sheria. Ukiuza mtoto, baba yake utampata wapi?"

"Baba yake mimi niliuza jana!"

Foleni nzima ikacheka, yeye hakucheka. Alieleza kwa utulivu, watu na vikapu vyao wanangoja, kwamba kule ofisa anakuja mpaka kwenye boti na kipimo cha chuma, kamba koche mdogo anarudi baharini, mwenye mayai anarudi baharini hata awe mkubwa kama paka, na ukimficha mmoja tu unakwenda kuzungumza na hakimu. "Sheria ya kule haina mjomba," alikuwa akisema. Halafu akanunua dagaa mfuko mzima. Nilipomuuliza kuhusu dagaa, alisema dagaa ndio ukubwa wao, hawana cha kungojea.

Mume wangu hakumsamehe upesi safari ya pwani ya Southend. Tulikwenda familia tatu, kiangazi, kwa sababu jirani aliapa kwamba atatuvulia chakula cha mchana. Tukabeba wali wa nazi umefungwa kwenye blanketi, achari, ndimu, pilipili, jiko la gesi na kikaango. Samaki hatukubeba, kumbebea samaki mvuvi ni kumtukana. Alikaa kwenye gati muda wa saa nne na nusu, kofia imefungwa, hataki kusemeshwa. Saa nane mchana akavuta. Samaki akatoka, mmoja, anang'aa, watoto wakapiga kelele, mume wangu akawasha jiko.

Rula ikatoka mfukoni.

Watu kumi na wawili tumeinama juu ya samaki mmoja.

"Kapungua," akasema.

"Kapungua nini?" mume wangu akauliza, kikaango mkononi.

"Nusu sentimita."

"Yakhe, mvute mkia kidogo."

Jirani alimtazama kama mtu aliyeambiwa aibe msikitini. Akamrudisha samaki majini taratibu, kwa mikono miwili, na mimi nikamsikia akimwambia kitu kwa sauti ya chini, sijui nini. Tukala wali kwa achari. Salma, aliyekuwa ameshaanza kujibu kwa Kiingereza kila akiambiwa kwa Kiswahili, alilia njia nzima ndani ya treni: "But he was our fish!" Mume wangu alikaa mwezi mzima akimpa salamu za kichwa tu.

Msidhani alikuwa malaika. Miaka mingi kabla London haijakataza watu kuvuta sigara mikahawani, yeye alikuwa akiwafukuza wavutaji kutoka kwenye vijiwe vya kahawa, akiwasomea habari za mapafu. Halafu akipanda kwake anafungua dirisha, anatoa kichwa nje, anavuta sigara mbili, na majivu yanaangukia mchaichai wangu niliouotesha kwenye ndoo. Nilimpigia kelele siku moja kutoka chini. Akanijibu, bila haya yoyote, kwamba yeye alianza kuvuta kabla ya sheria, na sheria hairudi nyuma. Alikuwa pia akituonya kuhusu nyama ya papa, kwamba ina sumu ya zebaki, mama wajawazito wasiiguse. Na kila mgeni aliyetoka Unguja alikuja na papa mkavu wake, amefungwa magazeti matano, ngazi zetu zikanuka hadi Jumatatu.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sitalicheka. Kiangazi kimoja mume wangu alipanda kwake kumtengenezea bomba, joto likamzidi, akavua shati. Mzee akaona doa jeusi chini ya bega. Akatoa rula. Toka siku hiyo hatukulala kwa raha. Kila akikutana naye kwenye ngazi: "Umekwenda?" Ijumaa baada ya sala: "Umekwenda?" Alisema kule Australia jua limewafundisha adabu, kila mtu anajua kuwa doa linalobadilika na kidonda kisichopona wiki sita ni vya daktari, havingojewi. Mume wangu akaenda mwishowe ili apumzike na kelele. Wakalikata, na daktari akamwambia amefanya vizuri hakungoja. Tulimpelekea jirani sinia la biriani. Akala, akashukuru, akauliza kama mtoto ana kofia.

Sasa lazima nijiseme na mimi, maana bila mimi habari hii haikamiliki. Nilikuwa karani wa mapokezi kwa GP, yaani daktari wa mtaa, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilipopata kazi ile watu wetu walifurahi kama nimechaguliwa mbunge. "Tumepata mtu wetu dirishani!" Bibi zetu wasiojua Kiingereza walikuwa wakija na kifua mbele. Mimi ndiye niliyewauliza wana nini, mimi ndiye niliyewajazia fomu, na nusu yao niliwapa tarehe ya kuzaliwa ya kwanza Januari, kwa sababu mwaka walikuwa nao lakini siku hawakuwa nayo. Kioo cha lile dirisha kilikuwa kinene, nami sauti yangu ni ya Wete, imezoea kuita mtu aliye shamba la pili. Nilijiona rehema.

Jirani naye alikuwa mgonjwa wetu. Alikuja siku moja kwa jambo la bawasiri. Jina lake silitaji popote katika maandishi haya, na sasa mnajua kwa nini. Mwezi ule ule kulikuwa na harusi katika ukumbi mkubwa pale Wembley, wageni mia mbili, viti vya chuma. Nikamwona anatafuta pa kukaa. Huruma ikanijaa. Nikachukua mto wa kiti cha bi harusi, nikavuka nao ukumbi mzima, nikamwekea, nikampigapiga mto uwe laini. Watu wakautazama mto, wakamtazama yeye, wakanitazama mimi karani wa GP. Mzee akausukuma mto pembeni akatoka, hata biriani hakuonja. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba watu wazima wa siku hizi hawana shukrani, kwani mimi nilitaja ugonjwa? Sikutaja.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukaanza kuona kwamba ile kofia ya mvuvi haivuliwi. Zamani Ijumaa alikuwa akivaa kofia ya kiua kama wazee wenziwe. Sasa hata msikitini anakuja na ile ya ukingo, na mume wangu alinieleza jinsi anavyoukunja ukingo nyuma ili paji la uso lifike chini, upande wa kulia tu, wa kushoto anauacha umeshuka. Tulicheka sana. Tulisema Australia imempanda kichwani kabisa.

Jumamosi moja asubuhi nilimpelekea mandazi. Nafikiri alikuwa anamtarajia mtu wa gesi, maana alifungua mlango kichwa wazi. Nikaliona sikio la kushoto. Ukingoni juu palikuwa na kidonda chenye gamba, ukubwa wa kunde, na damu kavu pembeni.

"Mzee, hicho kina muda gani?"

"Hicho nini?" Mkono ulikwisha kufika sikioni.

"Kina wiki sita?"

Akaniangalia, akayaangalia mandazi. "Kina mwaka na nusu," akasema.

Huyu ndiye aliyemfukuza mume wangu mpaka kwa daktari kwa ajili ya doa. Miaka kumi na minne ya jua juu ya maji, na yeye alijua kuliko mtu yeyote Wembley kile kidonda kinaweza kuwa nini.

"Mganga hajigangi, sivyo? Jumatatu njoo. Nakuwekea appointment ya kwanza kabisa, hata foleni hupangi."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Wewe ndio ugonjwa wenyewe, mwanangu."

"Mimi?"

"Kisu sikiogopi. Nakuogopa wewe na mto wako."

"Mzee, wallahi sikutaja ugonjwa!"

"Hukuutaja. Uliukalisha kitini mbele ya watu mia mbili."

Akavuta kiti, akanionyesha nikae, akaanza kunihadithia, na kwa mara ya kwanza Australia haikuwa ya kujisifia. Alipofika kule hakuwa na Kiingereza cha kumweleza daktari. Daktari akapiga simu, akaiweka mezani kati yao, na ndani ya simu akatoka mtu anayesema Kiswahili. Yule mkalimani alikuwa mji mwingine, upande wa pili wa nchi, mwendo wa ndege nusu siku. Hakumwona. Hakujua ni wa kabila gani wala mtoto wa nani.

"Nikamwambia mambo ambayo mamangu hayajui. Tukakata simu, na mpaka leo sijakutana naye harusini."

"Lakini mie mtu wenu," nikasema.

"Ndio maana. Wee mtu wetu. Unafikiri yule bibi wa jengo la nyuma anapanda mabasi mawili mpaka Stanmore kufuata nini? Na mama wa mapacha? Na mwalimu wa madrasa?"

Kweli, walikuwa wamehama, mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyewapa fomu za kuhamia kwa daktari mwingine. Nilidhani wanafuata maegesho ya gari. Na wengine hawakuhamia popote. Walikaa tu majumbani na vidonda vyao, kwa sababu dirishani nipo mimi na sauti yangu. Niliona aibu mpaka masikio yangu mawili mazima yakawaka moto. Miaka tisa nilikuwa nafikiri mimi ni mlango, kumbe nilikuwa komeo.

"Alhamisi sipo," nikamwambia.

"Unakwenda wapi?"

"Sendi popote. Nachukua likizo. Dirishani atakuwapo msichana wa Kireno. Hamjui mtu, hapendi mtu, na hana harusi ya kwenda."

"Na Ijumaa utarudi ukafungue faili langu."

"Sitalifungua. Wallahi tena."

"Usiape," akasema. "Kaa tu."

Alhamisi ile nilikaa nyuma ya pazia langu kama mpelelezi. Saa tatu kasoro akashuka, amevaa suti ya Idi, kofia imeshuka. Akasimama kwenye ngazi. Akarudi juu. Akashuka tena na sigara, akaivuta yote mbele ya geti, kisha akashika njia ya kwa GP. Nikapika siku nzima ili mdomo wangu upate kazi ya kuonja. Alirudi saa saba, akapita mlangoni pangu, na sikutoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko uzazi wa Salma.

Faili sikulifungua. Nilichokijua ni kile alichonionyesha mwenyewe: kwanza bandeji kubwa, halafu bandeji ndogo, halafu sikio lililokosa kona ya juu, limekatwa safi. Walimwahi. Hilo aliniambia kwenye ngazi, maneno mawili tu, "Wameniwahi," na nikalia hapo hapo na mifuko ya sokoni mkononi. Walipomuuliza vijiweni sikio limekuwaje, alisema kamba koche alikuwa akilidai tangu Australia. Nilikuwapo aliposema hivyo mara moja, nikacheka pamoja na wengine kama sijui kitu.

Nikaomba kazini Alhamisi niwe chumba cha nyuma, na makaratasi. Sikumweleza mtu yeyote sababu. Sijui nani aliipeleka habari, ingawa namdhania mmoja, lakini haukupita mwezi Alhamisi ikajaa. Kofia na mabuibui kutoka mlangoni hadi kwenye mizani. Yule bibi wa jengo la nyuma akarudi kutoka Stanmore. Msichana wa Kireno akajifunza kusema "Ngoja, mama." Na meneja wetu, Mwingereza mwenye akili na takwimu zake, akaniita ofisini akaniuliza kwa upole kama kuna jambo la kidini linalowafanya watu wetu waugue siku ya Alhamisi.

Nikamwambia ndiyo, lipo. Akaandika.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya miaka michache baadaye, hospitali, si mtaani kwetu. Nilikuwa na jambo langu. Mume wangu sikumwambia, Salma sikumwambia. Nilisema nakwenda kutazama mapazia. Nikafika kwenye ukumbi wa kungojea, nikamkuta jirani wa juu amekaa, kofia juu ya magoti, amekuja kuangaliwa sikio lake. Tukaonana. Akanyanyuka nusu, akakaa tena. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, kwa sababu karatasi yangu ya pinki ilikuwa mkononi, na maandishi yake ni makubwa.

Muuguzi akapita, akatutazama, watu wazima wawili weusi wanaotazamana, akauliza kama tuko pamoja.

"Huyu?" jirani akasema, kwa kile Kiingereza chake cha kupitia puani, ukumbi mzima ukasikia. "Simjui hata kidogo. Sijapata kumwona."

Wakamwita, akaingia, akatoka baada ya dakika kumi, koti ameshafunga vifungo. Kisha wakaniita mimi. Nilikaa humo saa mbili. Niliyoambiwa ni yangu. Nilipotoka alikuwa bado yupo, viti vitatu kutoka pale nilipokuwa nimekaa, anasoma kijitabu cha kunyonyesha watoto, amekishika juu chini. Hakuinua uso. Aliniacha nimpite, akahesabu nafikiri hatua kumi, akanyanyuka.

Ndani ya basi alikaa kiti cha mbele na mimi cha nyuma yake. Nililia kidogo kuanzia Neasden, nikaacha. Yeye ambaye hakuna kitu duniani alichowahi kukiona asikipime wala asikisemee, alitazama dirishani njia nzima. Wembley tukashuka.

"Mvua," akasema, bila kugeuka.

"Mvua," nikamjibu.

Alisimama chini ya ngazi hadi nilipofungua mlango wangu, kisha akapanda kwake. Nikangoja maneno yaanze. Nilingoja Ijumaa baada ya sala, nikangoja harusi ya mwezi uliofuata, nikangoja Idi, nikizitazama nyuso za watu kuona nani atanitazama kwa huruma. Hakuna aliyeniuliza kitu.